Nyuki Kwenye Mashine Yako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini sikuwahi kukuuliza kitu kabla ya kukuamkia, na leo nina maswali.

Kwanza hili: nyuki wanatafuta nini kwenye plastiki? Walianza kuja muda mfupi baada ya kukuzika. Nikiwasha mashine yako ya vifuniko tu, nao hao, wanaingia dirishani na kuzunguka pale juu tunapomimina plastiki iliyosagwa. Majirani wa hapa Isevya wakasema ni wewe umekuja kukagua kazi. Nilicheka, halafu nikaenda stoo nikalia. Ungekuwa wewe kweli usingezunguka juu juu, ungeshafungua kitu.

Mambo yalikuwa mabaya, Baba. Vifuniko vya ndoo za asali, vile ulivyowaahidi wafugaji nyuki wa Ipole, vilikuwa vinapendeza kwa macho, lakini ukivibana kwenye ndoo vinachanika ukingoni. Kaka Ramadhani akasema wazi mbele ya mama kwamba msimu wa kurina asali ukifika hatuna kifuniko kinachoshika, mashine inauzwa. Simlaumu. Yeye anaona chuma kinachokula umeme. Mimi nakuona wewe, fundi bati uliyezeekea kwenye makopo na mabomba, siku mashine iliposhushwa kwenye lori. Ulikuwa na kanzu yako ya Ijumaa, unachungulia kila tundu, mpaka mama akaja na sahani akakulisha umesimama.

Nilijaribu kila nilichojua. Nikaongeza moto, nikapunguza. Nikaiacha kalibu, lile umbo la chuma linalofinyanga kifuniko, ipoe zaidi kabla ya kuifungua. Nikasafisha skrubu inayosukuma plastiki iliyoyeyuka. Vikachanika vile vile. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono kila nilipotaka kutupa kitu kilichoharibika: "Kipasue kwanza. Kikuambie kimekufa na nini."

Nikakipasua kifuniko kimoja kwa msumeno wako. Ndani plastiki ilikuwa na matabaka kama kitunguu. Nikaibandua kwa ukucha, ikabanduka, na ukucha ukabaki na utelezi. Nikanusa. Nikakaa palepale sakafuni, maana harufu ile naijua tangu utoto. Ni nta, ile uliyokuwa ukizibia makopo ya asali.

Nyuki walijua kabla yangu. Zile ndoo kuukuu tunazokusanya Sikonge ili tuzisage, ulituagiza tuzioshe kwa maji baridi, na asali kweli inatoka. Nta haitoki. Inajificha kwenye mikwaruzo, inasagwa humo humo, inaingia mashineni, na plastiki haishikani nayo. Uliogopa maji ya moto yatazikunja ndoo, kwa sababu fundi bati hawezi kuvumilia kuona ndoo iliyokunjika. Lakini Baba, ndoo zenyewe zilikuwa zinakwenda kusagwa. Zikikunjika kuna nini? Ningetoa chochote nikuone unavyojishika kichwa na kucheka.

Haikuwa rahisi kubadili agizo lako wakati udongo wa kaburi lako bado mbichi. Ramadhani alinikuta uani natokosa plastiki kwenye pipa, na sabuni, kama mpishi wa harusi. Akauliza, "Baba alisema hivyo?" Nikamjibu, "Hapana. Ila angeuliza kwa nini nyuki wanakuja." Akaenda kuleta kuni. Tangu utuache sikuwa nimemwona akishika kazi yoyote ya karakana.

Maji yalipopoa, nta ilikuwa imeganda juu, utando wa njano. Mama Kulwa, mwenyekiti wa wale wafugaji wa Ipole, aliibeba yote, akasema ni mali yao imewarudia. Akabeba na ndoo moja yenye kifuniko kipya, cha plastiki ile iliyotokoswa, ili akaijaribu kwa namna yake. Aliijaza asali, akaifunga kichwa chini nyuma ya baiskeli, akapita nayo njia yao mbovu kuliko zote hadi kwenye mizinga na kurudi. Kisha akapiga simu. Akanisalimu, akauliza hali ya mama, akauliza mvua za huku, akauliza Ramadhani anaendeleaje, mpaka roho ikataka kunitoka. Ndipo akasema, "Kitambaa nilichotandika chini ni kikavu, mwanangu."

Mashine haiuzwi. Ramadhani ndiye anayeiwasha asubuhi siku hizi, na ananikaripia nikichelewa.

Nilibaki na swali moja. Wewe ulikuwa unapasua vibovu tu, kizuri je? Nilikaa na kifuniko kizuri cha kwanza mkononi, nikitaka kukuhifadhia. Kisha nikachukua msumeno. Ndani hakukuwa na kitu, Baba. Hakuna tabaka, hakuna tundu, ni rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikitazama muda mrefu, maana hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta na hukuwahi kukiona. Nusu moja nimeipigilia ukutani juu ya meza yako.

Nyuki hawaji tena. Siku nyingine mashine ikiwashwa najikuta natazama dirishani.

Lala pema, Baba, Mungu akurehemu. Nakuahidi sitatupa kitu chochote bila kukipasua kwanza, hata kikiwa ni agizo lako.

Mwanao mwenye maswali,
Mwamvua