Udi Ulioungua na Maji ya Mgongo wa Mama

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto limekaa ndani kama mgeni asiyeaga.

Uniwie radhi, shajara, na nyie mnaopita hapa mtandaoni kusoma. Mwezi wa pili huu sijaandika. Mtoto anaota meno, na mie nlikuwa na hasira, kila nikizigusa nnalia. Leo nnaziandika.

Mama yangu ana Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, hatua zimekuwa fupi, akicheka uso haucheki naye. Dada yangu Rukia, anayekaa Chukwani, jina la ugonjwa hataki kulisikia. Yeye anasema ni malipo.

Malipo ya udi.

Mama alikuwa mpika udi, ule wa kufukizia unaopikwa kwa sukari na manukato, Kikwajuni nzima inamjua. Ule wa harusi ya Rukia, miaka sita nyuma, aliuunguza. Sukari iligeuka mkaa mbele yake, naye kasimama na mwiko, anakoroga tu. Siku ya kufukiza nguo chumba kikanuka moshi, mawifi wakaziba pua. Rukia akasema mbele za watu, "Kafanya makusudi. Hakumtaka mume wangu." Maagizo ya udi yakakatika.

Na mie nlinyamaza. Kweli hakumpenda yule mume, nikaona labda kakusudia.

Mwezi uliopita daktari akamuuliza swali ambalo sikulitarajia. "Bi Zuhura, harufu unasikia?"

Mama akainama. "Tangu kabla ya harusi ya mwanangu sisikii kitu. Nlidhani mafua."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Mpika udi asiyesikia harufu, nani atamwagiza?"

Nikamwangalia mtoto mapajani, nisimwangalie yeye.

Daktari akatueleza polepole. Kwa wengi ubongo huanza kubadilika miaka mingi kabla mkono haujatetemeka, na harufu ni katika vya mwanzo kupotea. Kuna protini inajikunja vibaya na kuganda ndani ya seli za ubongo. Alama yake yaweza kuonekana kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Huchotwa kidogo kwa sindano, kiunoni, yakapelekwa nje ya nchi kupimwa kwa ajili ya utafiti. Akasema wazi kuwa hayatamponya, dawa ni zile zile, na kukataa ni haki yake.

Mama akasema, "Chukueni. Nataka ijulikane kuwa sikukusudia."

Ilikuwa iwe Alhamisi iliyopita. Jumatano Rukia akaja hapa kwetu na gari, anampeleka Mama kwake akale samaki. Hakumrudisha. Nlipompigia akasema, "Watamnyonya uboho alale chini maisha. Na hizo dawa zenu nshamwachisha, zinamlewesha."

Dawa hizo hazikatwi ghafla, tuliambiwa sote. Yeye pia alikuwepo. Nlimtukana kwa maneno ambayo mtoto wangu sitaki ayajue, na sijajuta.

Leo asubuhi Mama kapiga simu mwenyewe, sauti ndogo, inakwama. "Mgongo ni wangu. Mie si mbuzi wa kufungwa. Huku nikisema sisikilizwi, sema wewe."

Basi nasema.

Dada Rukia, najua unasoma hapa kwa jina la uongo. Miaka sita umemla Mama nyama kwa kosa la ugonjwa, na mie nikakuachia. Kuanzia leo sikuachii. Daktari anatungoja Jumanne. Nnavyovitaka ni hivi:

Dawa zake, umpe leo hii. Nshamuuliza daktari, kasema azirudie. Jumanne usizisahau.

Kadi yake ya hospitali.

Miwani, na zile ndara zake zisizoteleza.

Mama mwenyewe, saa mbili asubuhi, keshakunywa chai.

Na kile kikopo cha udi ulioungua, ulichokiweka kabatini ili umsute nacho. Kifuniko kina jina lako kwa mkono wake, na daktari anataka kuuona mwandiko wake wa wakati ule, maana ugonjwa huu huufanya mwandiko kuwa mdogo mapema. Usimpe mtu akilete. Njoo nacho, umpe Mama mkononi, huo huo unaotetemeka.