Picha ya Ungo wa Korosho

Witness upo? Acha kupika kwanza, soma hii.

Unalijua lile bango langu jipya la korosho hapa sokoni Newala? Ile picha ya ungo niliichukua mtandaoni. Nikajua ni ya watu wa mbali huko.

Sasa leo kaja Oska, yule mpiga picha wa Lulindi. Kasimama mbele ya bango. Halafu ananiambia, "Mama Ziada, huo ungo ni wa mama yangu. Picha nilipiga mimi."

Wa mama yake, Witness.

Nikakimbilia utani. "Wewe si mtani wangu? Mtani anachukua tu, haombi."

Akasema, "Utani unaishia kwenye kuku. Picha unaniuliza kwanza."

Akanipiga picha hapo hapo, akairusha kwenye ukurasa wake: "Mwizi wa ungo wa mama."

Namwambia aifute, ananijibu, "Na mimi nimechukua kwa mtani."

Bango nimelishusha. Shida ni kwamba kwenye hiyo picha nimetoka vizuri, naitaka kwenye profaili. Nimemwandikia kumwomba ruhusa.

Tiki za bluu zipo. Jibu hamna.