Mukuki Bila Mupini

Kisangani, commune ya Mangobo,
tarehe 16 mwezi wa kumi, 2025

Mpendwa yaya yangu Germaine,

Jambo sana, yaya. Nakusalimia weye, shemeji na watoto wote wawili. Je, ile mugongo yako imepona? Joto ya huko umeizoea? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe. Mama Berthe anatembea tena bila fimbo. Tania ameota jino moja ya chini, ananiuma kila akinyonya, halafu anacheka.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu iko mikononi mwa watu. Mwalimu Hugues, jirani yetu anayefundisha jiografia, alikuandikia siku ya kwanza kwa simu yake, haukujibu. Najua weye unaogopa numero usiyoijua. Donc nimeandika kwa mukono, yeye atapiga karatasi foto akutumie. Mwandiko yangu hauwezi kuusahau, ni weye ulinifundisha.

Yaya, bwana yangu Gédéon amekamatwa. Leo ni siku ya tano. Soma polepole, lakini jibu haraka.

Kartoni yako ilifika muzuri. Nguo za Tania zinamufaa, sabuni tumegawana na mama. Chini kabisa nikakuta ile kitambaa: bluu huku na huku, manjano katikati, na juu ya manjano kitu nyeusi ya meno tatu. Haukuandika neno juu yake. Mimi nikasema, yaya amemufikiria Gédéon! Si wavuvi wetu wa Isangi wako na mukuki ya meno tatu ya kuchomea samaki? Nikaamini huko kwenye kisiwa yenu ya Barbade pia kuna wavuvi, na hii ni kitambaa ya mitumbwi, ya pirogue zao. Sikuwaza hata kidogo kama ni bendera ya inchi.

Na weye unajua libongo yetu, pale pirogue zinapofikia. Kila moja iko na kitambaa yake juu ya muti, ili wamama wenye mizigo ya Yanonge waijue toka mbali. Yetu ilikuwa kipande ya liputa, kitenge yangu nyekundu, mvua ikaila mpaka ikabaki nyuzi. Alors siku ya Mungu, Gédéon akiwa anaosha motere, niliingia mu pirogue na mutoto mugongoni, nikatoa ile ya zamani, nikatundika yako. Upepo ikaijaza. Yaya, ilipendeza!

Mama Safi, yule wa Maniema anayeuza mchele, akapiga kelele toka meza yake:

— Eh, Merdi! Pirogue yenu imeoa? Harusi ilikuwa wapi, mbona sikula?

Tukacheka wote.

Saa moja haikuisha. Mutu, mpaka leo hatujui nani, alipiga foto akaitia mu groupe ya WhatsApp ya kartier, ya mutaa yetu, akaandika kwamba bendera ya waasi imefika libongo. Unajua vile vita ya mashariki imetuingia mu vichwa. Kitu yoyote ya kigeni, watu wanakimbia. Wamama waliacha ndizi zao mu matope. Mama Safi mwenyewe akafunika mchele akapotea. Wanajeshi sita wakashuka, na mukubwa wao akauliza mara moja tu:

— Nani alitundika hii?

Nikafungua kinywa. Gédéon akaniangalia, akaangalia Tania mugongoni.

— Ni miye, chef.

Wakamuchukua yeye, na pirogue, na bendera, na simu zetu zote mbili. Mimi nilisimama pale, maji ikinifika magotini. Sikusema kitu. Yaya, ni hiyo inanikula, kuliko njaa.

Kesho yake ni mwalimu Hugues aliniita. Alikuwa na dictionnaire ya zamani yenye ukurasa ya bendera za dunia, kila moja ndogo kama ukucha. Akaweka kidole: Barbade. Ni ile ile, na meno yake tatu.

Akanieleza yote, mambo mengine toka kitabu, mengine toka simu yake. Bluu ya upande mumoja ni bahari, ya upande mwingine ni mbingu. Manjano ni mchanga ya kandokando ya kisiwa yenu. Ile nyeusi ni kichwa ya mukuki wa mungu wa bahari, wa hadithi za kale za Wagiriki. Wakati wa Waingereza, mukuki huo ulikuwa mu alama ya kisiwa, muzima, na mupini yake. Siku ya uhuru, mwaka 1966, watu wa kisiwa wakaweka kichwa peke yake. Mupini hakuna. Ni kusema: na utawala ule, tumeachana. Na meno tatu ni serikali ya raia, inayotoka kwa raia, inayotumikia raia.

Nilimuuliza:

— Mwalimu, kitu iliyovunjika, mutu anaiweka juu ya bendera?

— Merdi, kama umeivunja weye mwenyewe, unaiweka juu kabisa!

Jana njo walitukubalia kumuona commandant. Mwalimu akafungua kitabu mbele yake. Commandant akaitazama muda murefu, akaleta bendera yako mezani, akalinganisha.

— Mwalimu, inafanana. Lakini waasi hawawezi kuiba bendera ya watu? Na kwa nini silaha katikati?

Sijui nilipata nguvu wapi. Nikasema:

— Papa commandant, angalia muzuri. Haina mupini. Mukuki bila mupini, unaichomea nani?

Mwanajeshi wa mulangoni akacheka. Commandant hakucheka, lakini aliinama tena juu ya meza, akafuata ile nyeusi na kalamu yake, mpaka pale inapokatika.

Halafu akasema kitu iliyonimaliza. Akasema bendera si ndiyo shida yake kubwa tena. Shida ni bwana yangu. Anasema ni yeye aliitundika. Ukimuuliza ilitoka wapi, ananyamaza. Ukimuuliza ina maana gani, hajui. Mutu wa namna hiyo, ni kusema anaficha mutu. Na mutu anayemuficha, njo wanamutafuta. Kama hakuna jibu, ijumaa mangaribi watamupandisha ndege kwenda Kinshasa.

Yaya, aliponiuliza kama niko na neno ya kuongeza, nilimwangalia mwalimu, nikaangalia chini, nikasema hapana. Nilirudi nyumbani na ile hapana. Mama alinipikia lituma ya ndizi, ikapoa mu sahani.

Nimewaza hivi: nikisema ni mimi, watanishika, na Tania ananyonya bado. Nikinyamaza, Gédéon anaenda mahali sitamuona tena, kwa sababu ya kitambaa niliyotundika kwa furaha yangu. Nimeomba, nimelia, nimekunja nguo za mutoto mu mufuko. Kesho asubuhi naenda kusema. Mwalimu atanisindikiza mpaka mulangoni.

*

Ijumaa, saa tano ya asubuhi.

Yaya, naendelea hapa, niko kwenye benchi ya ofisi yao. Mwalimu amesimama kando anangoja nimalize. Usiangalie mwandiko, Tania anavuta kalamu.

Nimesema. Nilisema kila kitu, kartoni, liputa ya zamani, wavuvi wa Isangi, yote. Commandant akaagiza wamulete Gédéon. Amekonda, ndevu zimeota. Aliponikuta nimekaa pale na mutoto, akaelewa, akakasirika kabisa:

— Muke huyu! Kichwa mawe! Nimevumilia siku tano ya bure?

— Ni bure kweli, nikamujibu. Hata rangi zake ulikuwa haujui.

Commandant akapiga meza: mugombane nyumbani kwenu. Halafu akatuuliza mumoja mumoja, mwingine akiwa inje, na mara hii tumesema kitu moja. Amesema sasa anaanza kuona. Inabaki yule yaya wa kisiwa: kama anapatikana kweli, aandike mwenyewe. Akituma kabla ya jua kuzama, tutalala kwetu. Asipotuma, ndege itaondoka, na hajasema itabeba mutu mumoja ao wawili.

Donc, yaya, fanya hivi, na utume yote kwa numero hii ya mwalimu. Piga foto umesimama chini ya bendera hiyo, mahali pa serikali, ofisi ao shule. Piga foto ya pasporti yako na ya karatasi walikupa ulipotuma kartoni. Andika kwa Kifaransa, maneno machache, maana ya bluu, ya manjano, na ya ule mukuki uliokatwa. Na jina ya Gédéon usiiweke mahali popote. Weka yangu. Andika kwamba bendera uliituma kwa Merdi, mudogo wako, na kwamba ni Merdi aliyeitundika bila kujua.

Mama Berthe anakusalimia, na tonton Cyprien wa Bengamisa pia. Mama Safi amerudi na aibu yake, ametuletea kikombe mbili za mchele, anakusalimia bila kukujua. Ubusu watoto. Mungu akuzungushie mikono yake juu ya hicho kisiwa, maji na upepo visiwaguse.

Gédéon amekaa karibu nami, amemubeba Tania, bado hataki kusema nami. Lakini bega yake ameiegemeza kwa yangu. Tunakungoja, yaya, sisi watatu, kwenye benchi.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Merdi