Muriuki na Upasuaji wa Matundu Madogo

Alhamisi, Julai 1998

Baridi ya leo imeingia hadi kwa mifupa. Manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana hata kidogo. Nimekaa karibu na moto nikiandika. Nikiweka mambo kwa karatasi, moyo unapunguza mbio.

Ugonjwa wa Muriuki umerudi.

Ni kitinda mimba wangu, alikuwa fundi wa mawe kule Kerugoya hadi ugonjwa ulipomrudisha nyumbani. Mwaka jana walimpasua kutoka kitovu kwenda chini, wakatoa saratani iliyokuwa ndani ya njia ya haja kubwa, karibu na mwisho wake. Tulishukuru Mungu kanisani, nikapikia watu. Sasa daktari wa hapa Nyeri anasema iko tena, pale pale.

Leo ametuambia, mimi na Muriuki, kuna madaktari Nairobi wanaopasua kwa matundu madogo tu. Wanaingiza kamera nyembamba na vyuma virefu, halafu wanaangalia ndani kwa televisheni. Nilikasirika, nisidanganye. Mimi ni mkulima. Thangari, ile nyasi mbaya, ikirudi shambani unachimba zaidi, unafuata mizizi na jembe la meno. Huendi kuidunga na sindano. Nikafikiri wamekata tamaa na mtoto wangu, wanataka kumgusa kidogo kisha waseme walijaribu.

Nikamuuliza: kama mlango mkubwa haukutoa ugonjwa wote, tundu litatoa nini?

Hakunicheka. Alisema matundu ni ya kuingilia tu, kazi ya ndani ni ile ile, na kamera inaona kwa karibu mahali jicho halifiki vizuri. Kitakachokatwa kitatolewa kwa chini, na hapo chini patashonwa pafungwe kabisa. Choo kitakuwa kikitokea kwa tumbo, kwa mfuko, maisha yake yote. Hakuficha pia kwamba kovu la kwanza limeshikamanisha matumbo, kwa hivyo wanaweza kuanza na matundu wakalazimika kumfungua. Na kupona hakuahidi.

Kisha akauliza ni nani nyumbani atamsaidia na huo mfuko wiki za kwanza.

Muriuki hajaoa. Baba yake tulishamzika. Nikasema ni mimi.

Mtoto wangu akaangalia sakafu. Akasema afadhali akae na ugonjwa wake.

Mtu wa kwetu ataelewa. Tangu atahiriwe sijakanyaga chumba chake. Chakula namwekea jikoni, nguo zake anafua mwenyewe. Mama, maitu kwa lugha yetu, haoni mwili wa kijana wake mkubwa. Hata ugonjwa huu, nyumbani tumekuwa tukiuita "tumbo" tu, basi. Na leo nimeketi hapo nikisikia yote, yeye kando yangu, sisi wawili tumeona haya kama watu walioshikwa wakiiba.

Kumbe hakuwa anaogopa kisu. Alikuwa ananiogopa mimi.

Tukarudi nyumbani. Jioni amekuja jikoni kuota moto. Nikampa chai, nikaona nikiendelea kunyamaza, nitamzika kwa sababu ya adabu.

"Na mimi nikizeeka nishindwe kuamka," nikamwambia, "utaenda sokoni kutafuta mtu wa kuniosha?"

Akacheka kidogo. Sijui ni lini nilisikia hicho kicheko mwisho.

"Wewe, Maitu? Wewe utatutupia sabuni."

"Nitakubali. Nitafunga macho."

Akakaa akizungusha kikombe. Mwishowe akasema atajifunza kubadilisha mfuko mwenyewe, ati mikono inayochonga mawe haiwezi kushindwa na plastiki. Lakini siku za kwanza, kabla hajaweza kuinama, nimletee maji ya moto.

Nikamwambia nitamwekea mlangoni.

"Hapana," akasema. "Ingia nayo."

Sasa amekwenda chumbani kwake, na mimi bado niko hapa na kalamu. Kesho tunarudi kwa daktari kumwambia ndiyo. Hayo matundu sijayaamini bado, na kama yatatosha hakuna anayejua, hata daktari mwenyewe.

Lakini ile siku ya maji, nitaingiaje bila kulia?