Stendi Zirudi Dukani Leo

Baba Mapacha,

Chakula kipo kwenye sufuria, kipashe moto. Mapacha waoge kwanza, simu baadaye. Mimi nimeenda zahanati.

Zile stendi zako nyembamba za taa ~~zitupe~~ zirudishe dukani. Chukua zenye miguu mipana na vibano vya chuma. Hata zilizotumika ni sawa, bei yake tunaimudu. Ila kila stendi ifungue mpaka juu ukiwa palepale, uitikise. Ikiyumba, iache.

Nilikwambia tangu mwanzo, ukasema stendi ni stendi tu. Leo asubuhi nampiga picha kichanga wa jirani hapo sebuleni, kibano cha plastiki kikaachia. Taa ikawa inamwangukia mtoto, nikaidaka ikiwa ya moto. Mama yake akambeba, akatoka bila kuaga. Sijui kama atanisalimia tena. Wewe ukachungulia mlangoni ukauliza, “Taa imepona?” Nikasema imepona, ukarudi kulala.

Kamwombe radhi jirani kabla hujaenda dukani. Uende wewe, usimtume mtu.

Na mwandiko huu usiucheke. Nimeandika kwa mkono wa kushoto.

Mama Mapacha