Sababu ya Ramadhani Kuanguka

Johannesburg, Jumatatu

Mdogo wangu Idi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Na mgongo wa shemeji, umepata nafuu? Desturi inanitaka niandike kwamba mimi ni mzima, lakini tangu moyo uanze kunisumbua nimeamua kupunguza uongo. Daktari anasema umechoka. Binti yangu Zuhura ananificha vidonge nisijue vimekuwa vingi kiasi gani. Kwa hiyo nakuandikia mkono ukiwa bado unashika kalamu, maana nina jambo la kuungama, nalo linamhusu mwanao.

Huu ni mwezi wa saba hujazungumza na Ramadhani. Najua ulikodi viti, ukapika pilau, ukaita mtaa mzima pale Ujiji waje kumwona kwenye runinga akishindana kwa pikipiki kubwa, naye akaanguka kona ya mwisho mbele ya wageni wako. Nilipokupigia ulisema, "Kaka, mwambie asiniite baba mpaka amalize mbio akiwa juu ya pikipiki." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la pili. Sikiliza la kwanza.

Timu yetu ilikuwa maskini, Idi. Wenzetu walikuja na malori yenye jiko na kitanda ndani. Sisi tulikuja na gari kuukuu la kusambazia mikate, picha ya mkate bado iko ubavuni, na kila mbio watu walipanga foleni wakitaka kununua. Tulikuwa wanne: mwenye timu, ambaye huuza matairi ya mtumba, fundi, Ramadhani, na mimi, mwalimu mstaafu, niliyepewa kazi ya kupasha matairi joto. Wenzetu huyavisha matairi mablanketi ya umeme ili yasiteleze mbio zikianza. Sisi tulikuwa nalo moja, tukalivisha tairi la mbele. La nyuma nililifunga kwa blanketi langu la kulalia, kisha nikalikumbatia. Wapiga picha walinipenda sana.

Pamoja na hayo mwanao alikuwa akimaliza wa tisa, wa nane, kwa injini iliyochoka kuliko moyo wangu. Siku ile aliyoanguka alikuwa wa nne.

Asubuhi yake mafuta ya cheni yalikuwa yamekwisha. Fundi akaniambia, "Mzee, kaazime kwa jirani." Jirani alikwisha kutuazima pampu, bisibisi na sukari. Nikaona haya. Kwenye begi nilikuwa na chupa ya mawese aliyonitumia shemeji. Nikakumbuka baiskeli zetu, tulivyozipaka mawese kwenye cheni tukapanda nazo Mwandiga hadi Kidahwe, wala hakuna aliyeanguka. Nikapaka. Kwa baridi ya asubuhi ile yalikuwa yameganda kama samli, yakakaa vizuri. Nikamwambia fundi, "Tayari." Hakuuliza.

Mimi, Idi, niliyefundisha fizikia miaka thelathini, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusahau kwamba mafuta yakipata joto huyeyuka. Tena baiskeli ya Mwandiga haina mwendo wa kurusha kitu. Cheni ile ilipopata moto iliyatupa mawese yote kwenye tairi la nyuma, na mwanao akaondoka kwa ubavu kama sabuni bafuni.

Timu haikumfukuza. Wamemshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu. Anayekataa ni yeye. Anapanga maboksi dukani, na anasema hawezi kupanda tena bila radhi yako.

Juzi nilimwita nikamweleza yote, machozi yakinitoka. Akanitazama, akasema, "Baba mkubwa, nilijua siku ileile. Nilipokuwa nateleza nilisikia harufu ya jikoni kwa mama. Nikadhani nimekufa, nimeshafika Ujiji."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie baba kwamba kaka yake mwalimu amenikaanga?"

Miezi saba amebeba aibu yangu ili wewe uendelee kuniheshimu. Ulikuwa ukimwita legelege, Idi, nami nilikuwa nikiitikia "mm".

Msalimie shemeji, na umwombe radhi kwa niaba yangu kabla hujamwambia kwa nini. Msalimie dada yetu wa Ilagala. Dagaa wake walifika, watu wa forodha waliwanusa wakawapitisha haraka. Msalimie na jirani yako fundi cherehani, aliyecheka kuliko wote siku ile, umsomee barua hii yote.

Mimi naweza kuungoja msamaha wako hata nikiwa kaburini. Ramadhani ana mpaka mwisho wa mwezi. Hutoka kazini saa kumi na moja jioni. Mpigie wewe, kwa sauti yako, wala usingoje nife ndipo mzungumze. Msibani kuna kelele nyingi, hamtasikilizana.

Ni mimi kaka yako, mwenye kosa,

Mwalimu Athumani