Kitambaa cha Helmeti Sivui

Al Thumama,
Doha, Qatar.
22 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Milka,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kanisani kila Ijumaa, ndiyo siku ya ibada huku, sikosi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umenisihi nivue kile kitambaa, nitie sahihi, yaishe. Nisamehe, Shangazi. Sivui.

Ngoja nikueleze, maana dada yangu Loice amekusimulia nusu. Hoteli tunayolinda huku West Bay inajengewa upande mpya, kwa hiyo sisi wa getini tunavaa helmeti kutwa nzima. Jua linakupiga shingoni hadi ngozi inabambuka. Unakumbuka mwaka jana Philipo, mwenzangu wa zamu, alianguka pale pale getini akalazwa siku nne. Ndipo ukanikatia leso yako ya maua mekundu, ukaitia kamba ya kufunga ndani ya helmeti, ukanitumia huku, na nilipoifunga ikaning'inia hadi mabegani. Tangu hapo kichwa hakijaniuma.

Sasa tumeletewa msimamizi mpya, Ronnie. Siku ya kwanza tu akaniuliza, "Collins, wewe ni soja ama bibi harusi?" Wenzangu wakacheka, hata mimi nikacheka. Siku ya pili akanipa barua ya onyo: eti naitia hoteli aibu, nikiri kosa na kutia sahihi kabla ya Jumapili, la sivyo nirudishwe Kenya.

Aibu! Juu ya geti hilo hilo kuna nembo ya hoteli, kubwa kama mlango wa zizi lako. Ina ngao, juu ya ngao kuna helmeti, na kwenye helmeti kunamwagika kitambaa chekundu kilichochanika pembeni. Miaka miwili nimesimama chini yake nikidhani ni majani. Shiru wa mapokezi ndiye aliyenionyesha kijitabu cha wageni. Kinasema askari wa kale wa Ulaya walifunika helmeti kwa kitambaa ili jua lisiwachome, na ile mipasuko huchorwa makusudi, ionekane mwenyewe ametoka vitani.

Nilikiweka kijitabu mezani kwa Ronnie, juu ya barua yake. Nikamwambia, "Bosi, hicho kitambaa cha juu ya geti kikishuka, na changu nitakivua." Akasoma, akarudia kusoma, akasema Jumapili ni Jumapili. Nikamjibu sawa, Jumapili nitakuja nacho kichwani.

Naogopa, sitakuficha. Nikirudishwa, masomo ya mdogo wangu Ann yatayumba. Lakini afadhali nishuke kwenye ndege nikitembea kuliko mje kunipokea nimebebwa.

Usinishonee kingine. Najua hiki kimechanika pindoni, na ulipokiona pichani ulitaka kukirekebisha. Kiache. Hoteli inaringia mipasuko ya watu wengine. Hii ni yangu, nimeipata kazini.

Msalimie Ann, asome bila wasiwasi. Loice mwambie anayesimulia husimulia yote. Mungu akulinde, na goti lako alipe nguvu.

Mwanao anayekupenda, mkaidi kama wewe,
Collins.

Nimesahau: leo asubuhi Philipo amekuja zamu na taulo chini ya helmeti. Tom na Shamira, walinzi wenzetu, wanasema Jumapili nao watakuja na zao. Kama una leso nyingine kuukuu, Shangazi, kata tatu.